Mwongozo kamili: kusoma elementi tano ndani ya herufi za Kichina, mpaka kuchagua jina

Wengi wanaojifunza Kichina wanakwama sehemu moja: kila herufi wanaiona ni mchoro wa peke yake, kwaiyo wanakariri moja moja kama namba za simu. Mi nilianza hivohivo, nikajaza madaftari mawili na kichwani hamna kitu. Kilichonitoa ni vipande vitano tu, mti, moto, udongo, metali na maji. Ukivizoea hivyo unaweza kukisia herufi ambayo hujawahi kuiona maisha yako yote, na pia unaanza kuelewa mambo ya ajabu kidogo, mfano kwa nini duka la Guangzhou limeandikwa "dhahabu dhahabu dhahabu" kwenye bango, au kwa nini mtoto anapewa jina lenye maji matatu.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Waliokulia pwani, Zanzibar, Mombasa, Lamu huko, wanajua habari za nyota: jina lako na la mama yako yanahesabiwa kwa abjadi alafu unaambiwa nyota yako ni ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Weka pembeni hiyo kwa muda maana itakuchanganya. Za Wachina ni tano, upepo haumo, na kuna mti na metali ambazo kwetu hazipo. Alafu kwao mchezo wa jina sio wa hesabu kwanza, ni wa macho. Elementi unaiona kwa macho imekaa ndani ya herufi.

Hatua ya 1: andika zile tano kwa mkono

木 mù, mti. 火 huǒ, moto. 土 tǔ, udongo. 金 jīn, metali, ingawa siku hizi ikisimama peke yake mara nyingi inamaanisha dhahabu. 水 shuǐ, maji.

Usiziangalie tu kwenye simu, chukua kalamu. 木 ina mistari minne: wa kulala, wa kusimama, alafu matawi mawili yanayoshuka kushoto na kulia. 土 ni mitatu: kulala, kusimama, kulala tena, na ule wa chini lazima uwe mrefu kuliko wa juu (utaona kwa nini kwenye hatua ya 3). 火 unaanza na vidoto viwili vya pembeni ndo unaweka mtu katikati, watu wengi wanaanza na mtu na inatoka vibaya. 水 unaanza katikati na ule wenye ndoano, alafu kushoto, alafu kulia. 金 ndo ndefu, mistari minane: paa, chini ya paa mlalo mdogo, mlalo mwingine, wa kusimama, vidoto viwili, unafunga na mlalo wa chini kabisa.

Zote kwa pamoja zinaitwa 五行, wǔxíng. 五 ni tano. 行 ni kwenda, kutembea. Kwaiyo tukisema "elementi tano" tunadanganya kidogo, jina lenyewe linasema "miendo mitano". Kuna maandiko ya zamani sana, sura inayoitwa Hongfan ndani ya Shangshu, inazieleza kwa tabia: maji yanalowesha na kushuka, moto unawaka na kupanda, mti unapinda na kunyooka, metali inatii na kubadilika umbo, udongo unapokea mbegu na kutoa mavuno. Shika hayo maneno ya vitendo, ukishika "mti ni mbao" tu utapotea huko mbele. Na hiyo 行 utakutana nayo tena kwenye 银行, benki, ila pale inasomwa háng. Herufi ileile, sauti nyingine, ndo Kichina hicho.

Hatua ya 2: zijue zikibadilisha nguo

Hapa ndo pesa ilipo kwaiyo usiharakishe. Elementi ikiingia kama kipande ndani ya herufi nyingine inabanwa, na ikibanwa inabadilika sura. Maji yakikaa kushoto yanakuwa matone matatu, 氵. Metali kushoto inakuwa 钅 kwa maandishi rahisi ya China bara, na 釒 kwa maandishi ya asili ya Taiwan na Hong Kong. Moto ukikaa chini ya herufi unakuwa vidoto vinne, 灬, kama makaa kwenye jiko. Mti na udongo havibadiliki sana, vinabanwa tu kuwa vyembamba.

Sa chukua menyu ya mgahawa wa Kichina, hakuna daftari zuri kama hilo. 炒 chǎo, kukaanga kwa moto mkali, moto uko kushoto. 烧 shāo, kuchoma, na baadhi ya mapishi ya mchuzi pia, moto kushoto. 煮 zhǔ, kuchemsha, moto uko chini. 煎 jiān, kukaanga kwa mafuta kidogo, moto chini. 汤 tāng, supu, maji kushoto. 酒 jiǔ, pombe, maji kushoto, kwaiyo asiyekunywa ajue kuikwepa hiyo mapema. Hata kama hujui kutamka hata moja, ukiona moto unajua ni jinsi ya kupika na ukiona matone matatu unajua kuna kitu cha majimaji.

Toka mgahawani angalia chumba. 桌 meza, 椅 kiti, 床 kitanda, 杯 kikombe, zote zina mti ndani, hata kama kikombe chako ni cha plastiki. 墙 ukuta na 城 mji zina udongo maana kuta za miji zilikuwa za udongo ulioshindiliwa. 针 sindano, 铁 chuma, 银 fedha, 钱 pesa, zote metali. 河 mto, 海 bahari, 洗 kuosha, maji. Na treni ni 火车, gari la moto. Sisi tulisema gari moshi wao wakasema gari moto, tuliangalia mashine ileile.

Mfumo huu sio kitu cha makumbusho tu. Wataalamu wa karne ya 19, akina Xu Shou pale Shanghai, walipotakiwa kuzipa majina elementi za kemia kutoka Ulaya, waliunda herufi kwa njia hiyohiyo, na kitabu chao kikatoka mwaka 1871. Leo fungua jedwali la kemia la Kichina: karibu metali zote zina 钅. Isipokuwa zebaki, 汞, ina maji chini yake, kwa sababu ni metali inayotiririka. Hiyo herufi ya zebaki ni ya zamani kuliko kemia yenyewe, na bado inafaa vilevile.

Hatua ya 3: mitego

Matone mawili sio matatu. 冫 ni barafu, 冰 ni barafu na 冷 ni baridi, usiseme maji. 士 na 土 zinafanana ila kwenye 士 mlalo wa juu ndo mrefu na maana yake ni msomi au askari. 王 ikiwa kushoto sio udongo wala mfalme, mara nyingi ni jade, lile jiwe la thamani, kama 玩 na 珠. 本, 末 na 未 ni mti ulioongezwa mstari mmoja: 本 mstari uko chini, shina au asili, 末 mstari mrefu juu, ncha, na 未 mstari mfupi juu, "bado".

Mtego mkubwa ni vidoto vinne. Sio kila 灬 ni moto. Kwa maandishi ya asili 馬 farasi ana vidoto vinne na ni miguu na mkia, 魚 samaki ni mkia, 燕 mbayuwayu ni mkia pia. Nimeshaona mtu kwenye intaneti anauza ushauri wa majina anasema 燕 ni jina la moto "kwa sababu ya vidoto vinne" na watu wanalipa. Duh.

Hatua ya 4: tenganisha kipande cha maana na kipande cha sauti

Herufi nyingi sana za Kichina zina pande mbili, upande mmoja unasema jambo ni la aina gani na mwingine unasaidia kutamka. Mfano niupendao ni 同 tóng. Weka metali kushoto, 铜 tóng, shaba. Weka mti, 桐 tóng, aina ya mti. Weka maji, 洞 dòng, pango au shimo, sauti imeteleza kidogo. Elementi inabadilisha maana, 同 inashika sauti. 钟 zhōng ya saa na kengele ni metali na 中 zhōng. 湖 hú ya ziwa ni maji na 胡 hú. Zoezi ni hili: kila herufi mpya, kabla hujafungua kamusi, chora mstari wa kuigawa, sema "huku maana, huku sauti", kisia, ndo ufungue. Utakosea nyingi mwanzoni na haina neno.

Angalizo: sauti hizi ni za enzi za kale, kwaiyo 江 jiāng, mto mkubwa, eti sauti yake inatoka kwa 工 gōng. Zamani zilikaribiana, leo zimeachana kama ndugu waliogombania kiwanja.

Hatua ya 5: mizunguko miwili

Sasa nadharia yenyewe. Mzunguko wa kwanza ni wa kuzaa, 生 shēng: mti unazaa moto, moto unazaa udongo (majivu), udongo unazaa metali (inachimbwa humo), metali inazaa maji, maji yanazaa mti. Hiyo ya metali kuzaa maji ndo inasumbua watu, wengine wanasema ikiyeyushwa inatiririka, wengine wanasema umande unashika juu ya metali usiku. Chagua moja ulale.

Wa pili ni wa kushinda, 克 kè: mti unashinda udongo (mizizi inaupasua), udongo unashinda maji (tuta), maji yanashinda moto, moto unashinda metali, metali inashinda mti (shoka). Ziandike tano kwa duara kwa mpangilio wa kuzaa, alafu unganisha kwa kuruka moja moja, utapata nyota yenye pembe tano. Duara ni kuzaa, nyota ni kushinda, hutosahau tena.

Kila moja ina vitu vyake. Mti: mashariki, majira ya kuchipua, kijani-buluu, ini, uchachu. Moto: kusini, kiangazi, nyekundu, moyo, uchungu. Udongo: katikati, njano, wengu, utamu. Metali: magharibi, vuli, nyeupe, mapafu, ukali wa pilipili. Maji: kaskazini, baridi, nyeusi, figo, chumvi.

Hatua ya 6: fanya mazoezi kwa historia

Hapa utaona watu walivyoichukulia siriasi. Ukoo wa Han ya baadaye, uliotawala China zamani, ulijihesabu ni wa moto, na mji mkuu wao ulikuwa Luoyang, 洛阳, ambapo 洛 ina matone matatu. Maji yanazima moto! Wakatoa maji wakaweka kipande cha ndege, ikawa 雒. Mwaka 220 ukoo wa Wei ukachukua nchi, wao ni wa udongo, wakasema maji yakiwa na udongo yanatiririka vizuri na udongo ukiwa na maji unalainika, wakarudisha 洛. Serikali inabadilika na mji unabadilishwa herufi kwa sababu ya matone matatu.

Alafu kuna wafalme wa Ming, ukoo wa Zhu. Mwanzilishi aliagiza majina ya kizazi baada ya kizazi yafuate mzunguko wa kuzaa, ujue mtu ni wa kizazi gani kwa kuangalia kipande tu. Jipime: 朱棣 Zhu Di, 棣 ina mti. Mtoto wake 朱高炽, 炽 ina moto. Mjukuu 朱瞻基, 基 ina udongo chini. Anayefuata 朱祁镇, metali. Anayefuata 朱见深, maji. Anayefuata 朱祐樘, tumerudi kwenye mti. Mpaka mfalme wa mwisho aliyekufa mwaka 1644, 朱由检, 检 ina mti. Karibu miaka 300 hawajakosea foleni. Ukoo ukiwa mkubwa herufi za kawaida zinaisha, kwaiyo wana wa mfalme wengine wakapewa herufi za ajabu ambazo hakuna aliyezijua.

Na maktaba. Enzi ya mfalme Qianlong zilijengwa maktaba saba za kuhifadhi mkusanyo mkubwa wa vitabu, na sita zina maji kwenye jina: 文渊, 文源, 文津, 文溯, 文汇, 文澜, ili moto usiguse vitabu. Ya saba, 文宗 ya Zhenjiang, haina maji, na kweli iliteketea kwenye vita vya waasi wa Taiping mwaka 1853. Wasimuliaji hupenda kuishia hapo. Ila 文汇 ya Yangzhou ina maji na iliungua vita hiyohiyo, na 文源 iliungua Beijing mwaka 1860.

Hatua ya 7: piga hesabu ya bazi

Bazi, 八字, ni "herufi nane": mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja herufi mbili. Herufi ya kwanza ya mwaka ni rahisi, angalia tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kawaida: 4 au 5 ni mti, 6 au 7 moto, 8 au 9 udongo, 0 au 1 metali, 2 au 3 maji. Herufi ya pili ni ya wale wanyama 12: chui milia na sungura ni mti, nyoka na farasi moto, nyani na jogoo metali, nguruwe na panya maji, na waliobaki, ng'ombe, joka, mbuzi na mbwa, ni udongo. Zingatia kwamba kwenye bazi mwaka unaanza karibu tarehe 4 Februari, sio 1 Januari wala siku ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina.

Saa sisi tuna bahati, maana siku yao imegawanywa mafungu 12 ya saa mbilimbili na inakaa vizuri na saa zetu. Panya 子 ni saa tano usiku mpaka saa saba usiku. Farasi 午 ni saa tano asubuhi mpaka saa saba mchana. Zingine zinafuata kwa mpangilio.

Mwezi na siku usijitese, tumia kalenda ya 万年历, apu zake ni nyingi na za bure. Mfano wa kufanyia mazoezi: mtu kazaliwa tarehe 15 Agosti 2000 saa nne asubuhi. Utapata 庚辰, 甲申, 乙巳, 辛巳. Geuza kuwa elementi (庚 na 辛 ni metali, 甲 na 乙 ni mti; 辰 ni joka, 申 nyani, 巳 nyoka): metali udongo, mti metali, mti moto, metali moto. Hesabu: metali 3, mti 2, moto 2, udongo 1, maji 0. Hapo ndo bibi yake atasema 缺水, "kakosa maji", yaani apewe jina lenye maji kujazia. Mwandishi Lu Xun kwenye hadithi yake ya mwaka 1921 ana mhusika anaitwa Runtu: kazaliwa mwezi wa nyongeza, rùn, na kakosa udongo, tǔ, basi jina likapatikana.

Ila wajuzi hawaishii kuhesabu. Watakwambia ile 申 imeficha maji ndani yake, kwaiyo huyu hajakosa kabisa, na mwenye metali tatu zinazozaa maji hali yake sio mbaya. Apu inayokwambia "umekosa maji, lipia jina" imekuhesabia tu kama machungwa.

Kama unadhani haya hayagusi maisha, mwaka 1966 ulikuwa 丙午, farasi wa moto, na Japani kuna imani kwamba mwanamke wa mwaka huo atamsumbua mume. Watoto waliozaliwa mwaka huo walipungua karibu robo ukilinganisha na 1965. 2026 ni 丙午 tena.

Hatua ya 8: chagua jina

Umeshajua unataka elementi gani. Maji: 泽 zé, 涵 hán, 沐 mù, au 淼 miǎo yenye maji matatu. Mti: 林, 森. Moto: 炎, 煜. Udongo: 坤, 垚. Metali: 铭, 鑫 xīn, ile ya dhahabu tatu, ambayo binafsi kwa mtu naiona kama kuvaa cheni nne shingoni, kwa duka sawa. Angalia maana kamili kwenye kamusi, sio kipande tu, maana 污 ina maji pia na ni uchafu. Angalia na jina la ukoo, uhakikishe toni, ule mpando na mshuko wa sauti, hazigongani. Kama kuna mzee anahesabu mistari ya jina, mara nyingi anahesabu kwa maandishi ya asili, 氵 ni minne kama 水 na 钅 ni minane, usibishane naye kwa hesabu ya simu.

Mwisho kabisa mpe Mchina alisome kwa sauti kabla hujachapisha kadi. Kuna jina la utani maarufu, 杜子腾, Du Ziteng. Ukiliandika limependeza, ukoo wenyewe 杜 una mti na udongo, 腾 ni kupaa. Litamke haraka sasa: dùzi téng, "tumbo linauma".